Braveheart, Falkirk na msaliti aliyefichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Braveheart, filamu ya William Wallace shujaa wa Uskoti, inaporudishwa kwenye televisheni, maswali ni yaleyale: je, Robert the Bruce, bwana wa Kiskoti aliyekuja kuwa mfalme, alimsaliti Wallace kweli? Yule binti wa kifalme wa Ufaransa alizaa na Wallace? Na mbona watu wanasema filamu nzima ni uongo? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mwisho wa filamu unatajwa wazi, kwa hiyo kama hujaiona, iangalie kwanza.

## Ya msingi

Braveheart ni kisa cha kweli?

Watu wakuu ni wa kweli na vita ni vya kweli. William Wallace aliishi, akawapiga Waingereza kwenye Daraja la Stirling tarehe 11 Septemba 1297, akashindwa Falkirk tarehe 22 Julai 1298, na akauawa London tarehe 23 Agosti 1305. Kilichotungwa ni karibu kila kinachounganisha tarehe hizo: nani alimpenda nani, nani alimgeuka nani, na kwa nini.

Filamu ilitoka mwaka 1995. Mel Gibson aliiongoza na yeye mwenyewe ndiye steringi, na ikabeba tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Kosa lake la kwanza linakuja katika dakika za mwanzo kabisa: msimulizi anatupeleka mwaka 1280 na kusema mfalme wa Uskoti amekufa bila kuacha mtoto wa kiume. Mwaka huo Alexander III alikuwa hai na ufalme wake umetulia. Alikufa Machi 1286, alipoanguka na farasi usiku. Mjukuu wake aliyetarajiwa kumrithi akafa mwaka 1290. Ndipo Waskoti wakamwita Edward I wa Uingereza aamue nani anastahili kiti. Mwaka 1292 alimchagua John Balliol, na mwaka 1296 akaja na jeshi kumwondoa.

Hadithi hii ilitoka wapi, kama siyo kwenye historia?

Ilitoka kwa mshairi anayejulikana kama Blind Harry, yaani Harry Kipofu, aliyetunga utenzi mrefu juu ya Wallace mnamo 1477, zaidi ya miaka 170 baada ya Wallace kufa. Msomaji aliyezoea tenzi zetu za vita atamwelewa Harry haraka. Shujaa anaua maadui wengi kuliko mkono mmoja unavyoweza, adui hana jema hata moja, na wasikilizaji wanatoka wamejaa ari. Utenzi ule ulilinda jina la Wallace kwa karne nyingi, na hiyo ni kazi kubwa. Ila mwandishi wa filamu, Randall Wallace, aliufuata utenzi pale ambapo hati za wakati ule zilikuwepo na zinasema vingine.

Wallace alikuwa mkulima maskini?

Hapana. Alitoka katika familia ya mabwana wadogo wenye ardhi. Ipo barua ya tarehe 11 Oktoba 1297, iliyoandikwa kwa jina lake na la Andrew Moray, aliyeongoza naye jeshi Stirling, kwenda kwa wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg, kuwaambia kwamba bandari za Uskoti zimefunguka tena kwa biashara. Muhuri wake unamtaja kuwa ni mwana wa Alan. Filamu inamwita baba yake Malcolm. Barua hiyo inanigusa kuliko hotuba yoyote ya filamu. Mwezi mmoja tu baada ya ushindi mkubwa, watu hawa wawili walikuwa wanafikiria meli na masoko.

## Falkirk na kofia ya chuma

Ni tukio gani hasa ambalo watu hulizungumzia?

Ni katikati ya vita vya Falkirk. Wallace anawapungia mkono wapanda farasi wa Mornay na Lochlan, mabwana wawili wa Kiskoti, waingie vitani. Wao wanageuza farasi na kuondoka. Mshale unamchoma kifuani, anaukata, anapanda farasi na kumfukuza mfalme Edward anayeondoka taratibu. Mpanda farasi mmoja mwenye kofia ya chuma iliyofunika uso anatumwa kumzuia, anamwangusha, kisha anashuka na kumkaribia. Wallace, aliyekuwa amelala kama maiti, anamrukia ghafla, kisu mkononi, na kuivuta ile kofia. Ndani yake ni Robert the Bruce, yule ambaye Wallace alimwambia kwamba akiongoza, Wallace mwenyewe na taifa zima watamfuata.

Kinachoumiza hapo ni mwili wa Wallace unavyoacha kupigana. Sekunde moja kabla alikuwa simba. Sasa anajilaza chini na kumtazama Bruce, bila kulia wala kutukana, kama mtu asiye na haja tena ya kuishi. Angus Macfadyen, aliyeigiza Bruce, anaongea kwa uso mtupu: aibu inaingia polepole, kisha woga, kisha anamhimiza Wallace ainuke kabla askari hawajafika. Msaliti ndiye anayemwokoa. Naliheshimu sana tukio hili kama kazi ya sanaa, na ndiyo maana naumia kwamba halikutokea.

Je, Bruce alipigana upande wa Waingereza Falkirk?

Ushahidi unaegemea kwamba hapana. Madai kwamba alipigana yamo katika kitabu cha historia cha John wa Fordun, kilichoandikwa miongo mingi baadaye katika karne ya 14. Lakini orodha ya mabwana waliokuwa na Edward siku ile, pamoja na alama za ngao zao, imebaki hadi leo, na Bruce hayumo. Baada ya vita Edward alielekea Ayr, akakuta ngome imeachwa tupu na kuchomwa moto na Bruce mwenyewe. Huyo si mtu aliyetoka kumpigania mfalme.

Kabla mwaka haujaisha, Wallace alishaacha cheo cha Mlinzi wa Ufalme, yaani mtawala kwa niaba ya mfalme asiyekuwepo, na waliochukua nafasi yake ni Bruce na John Comyn, bwana mwingine wa Kiskoti. Waskoti wasingemkabidhi ufalme mtu waliyemwona akipanda farasi pembeni ya Edward miezi michache nyuma.

Mornay na Lochlan walikuwa watu wa kweli? Wapanda farasi walihongwa?

Mabwana hao wawili ni wa kutunga. Kuondoka kwa wapanda farasi ni kweli. Walikuwa wachache, wakaona mbele yao wapanda farasi wa Edward wapatao elfu mbili au zaidi, wakakimbia karibu bila kupigana. Waandishi wa baadaye waliita huo usaliti, hasa kwa kuwashutumu jamaa wa Comyn. Hesabu inaeleza vizuri zaidi: kundi dogo kama lile lingefagiliwa mara moja. Hongo ya mashamba na dhahabu ni ya filamu.

Kuna jambo la karibu na usaliti ambalo filamu haikulitumia. Chakula kilikuwa kimeliishia jeshi la Edward, na alikuwa anafikiria kurudi nyuma. Simulizi za kale zinasema habari za mahali alipo Wallace zililetwa na watu wa makabaila wawili wa Uskoti waliokuwa upande wa Edward, wa Dunbar na wa Angus. Habari hizo zisingefika, huenda pasingekuwa na vita vya Falkirk.

Na wale Waayalandi waliokumbatiana na Waskoti uwanjani?

Halikutokea. Waliokuwa karibu kugeuka ni askari wa miguu kutoka Wales, ambao siku chache kabla walilewa mvinyo wakapigana na Waingereza wenyewe kambini. Hata hivyo hawakuhamia kwa Wallace.

Basi Waskoti walishindwa kwa nini?

Kwa mishale. Wallace aliwapanga watu wake katika maduara mazito ya mikuki mirefu iliyoelekezwa nje, na farasi wa Edward hawakuweza kuyavunja. Wapanda farasi wa Uskoti walipotoweka na wapiga mishale wao kuuawa, hakukuwa na mtu wa kuwazuia wapiga mishale wa Edward. Mtu aliyesimama duarani hawezi kukwepa mshale, na akikimbia duara linafunguka. Walikufa pale pale waliposimama.

## Usaliti halisi

Nani hasa alimsaliti Wallace?

Sir John Menteith, bwana wa Kiskoti, aliyeshika ngome ya Dumbarton kwa niaba ya Edward. Wallace alikamatwa Robroyston, karibu na Glasgow, mwanzoni mwa Agosti 1305. Katika filamu anakamatwa kwenye ngome alikoitwa na Bruce, na Bruce naye amechezewa na baba yake mzazi. Baba huyo alikuwa amekufa tangu 1304.

Malipo yaliandikwa: marki 40 kwa kijana aliyempeleleza Wallace, marki 60 zigawiwe wengine waliokuwepo akikamatwa, na ardhi yenye thamani ya pauni 100 kwa Menteith. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa bei yake imehifadhiwa kwa wino.

Mahakamani Westminster, Wallace aliposhtakiwa kwa uhaini, alijibu kwamba hawezi kuwa mhaini wa Edward kwa sababu hajawahi kumwapia utii. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, na haikumsaidia.

Kwa nini filamu ilimwacha Menteith na kumbebesha Bruce?

Nionavyo mimi, ni kwa sababu Menteith hana nafasi moyoni mwa mtazamaji. Ili usaliti uume, lazima msaliti awe mtu tuliyempenda kwa saa nzima, na Bruce ndiye aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Tena mwisho wa filamu unamhitaji Bruce awe na deni: anaingia vitani Bannockburn mwaka 1314 kana kwamba analipa damu ya Wallace.

Kama mbinu ya kusimulia, imekaa vizuri. Lakini mtu wa kweli amepakwa tope kwa kosa la mwingine. Ukiwauliza watazamaji kumi nani alimsaliti Wallace, watakuambia Bruce.

Menteith, kwa upande wake, angefaa filamu yake mwenyewe. Mwaka 1304 karibu mabwana wote wa Uskoti walisalimu amri kwa Edward, naye akiwa mmoja wao; kisheria alimkamata mtu anayetafutwa na mfalme aliyemwapia. Baadaye akahamia kwa Bruce. Na barua ya Arbroath ya tarehe 6 Aprili 1320, ambamo mabwana wa Uskoti walimweleza Papa kwamba wanapigania uhuru, ina jina lake.

Kwa hiyo Bruce hakuwahi kugeuka?

Aligeuka, tena zaidi ya mara moja, mchana kweupe. Mwaka 1296 familia yake ilimwapia Edward, maana iliona kiti cha Balliol ni haki yake. Mwaka 1297 akaasi, kisha akasalimu amri. Tangu 1298 hadi 1300 alikuwa Mlinzi wa Ufalme. Mwaka 1302 akarudi kwa Edward, wakati kulipokuwa na dalili kwamba Balliol angerudishwa kwa msaada wa Wafaransa, jambo ambalo lingezika matumaini yake ya kuwa mfalme. Mwaka huohuo alimwoa Elizabeth, binti wa kabaila wa Ulster, mshirika mkubwa wa Edward.

Tarehe 10 Februari 1306 alikutana na John Comyn ndani ya kanisa la Greyfriars mjini Dumfries, na Comyn akauawa pale karibu na altare. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Machi, Bruce akatawazwa huko Scone. Mtu huyu hakuhitaji kuvikwa kofia ya chuma ya uongo ili awe na dhambi. Filamu ilimpa kosa lisilo lake na kumwondolea lililo lake.

Ni usaliti gani wa kweli ambao ungefaa sinema?

Wa Tain, mwaka 1306. Bruce alikuwa ameshindwa na anawindwa. Mkewe Elizabeth, binti yake mdogo Marjorie, dada yake Mary na Isabella wa Buchan, mwanamke aliyemwekea taji kichwani, walikimbilia kaskazini wakajificha katika patakatifu pa Mtakatifu Duthac, mahali ambapo sheria ya kanisa ilikataza mtu kukamatwa. William, kabaila wa Ross, akaingia na kuwatoa, akawakabidhi kwa Edward.

Mary na Isabella walifungiwa katika vizimba kwenye ngome za Roxburgh na Berwick. Elizabeth alishikiliwa hadi baada ya Bannockburn, miaka minane.

Sehemu nzito ni inayofuata. Mwaka 1308 Bruce, sasa akiwa na nguvu, alimpata Ross mikononi mwake. Alimsamehe, akamrudishia ardhi. Ross akapigana upande wake Bannockburn, na mtoto wa Ross, Hugh, akamwoa Maud, dada mwingine wa Bruce. Ungemwambia nini Elizabeth aliporudi nyumbani akamkuta mtu yule ameketi mezani na mumewe? Hapo hapahitaji hotuba wala zumari.

## Makosa mengine yanayoulizwa sana

Isabella, yule binti wa kifalme wa Ufaransa, alizaa na Wallace?

Isingewezekana. Alizaliwa mnamo 1295, kwa hiyo siku ya Falkirk alikuwa mtoto wa miaka takriban mitatu, yuko Ufaransa. Aliolewa na Edward II, mwana wa Edward I, Januari 1308, Wallace ameshakufa zaidi ya miaka miwili. Mwanawe Edward III alizaliwa Novemba 1312.

Edward I alikufa siku moja na Wallace?

Hapana. Alikufa tarehe 7 Julai 1307, akiwa njiani kwenda kumpiga Bruce.

Daraja la Stirling liko wapi?

Halimo, na hilo ni pigo kwa filamu yenyewe. Ushindi ulitokana na daraja: lilikuwa jembamba, Waingereza wakivuka wachache wachache, na Wallace na Moray wakasubiri hadi wamevuka kiasi wanachoweza kukimudu, ndipo wakashuka kuwakata. Hugh de Cressingham, mweka hazina wa Edward, aliuawa pale. Andrew Moray alitoweka katika kumbukumbu miezi michache baadaye, inaelekea kwa majeraha, na filamu haimtaji kabisa. Huyo ndiye ninayemsikitikia zaidi katika kisa hiki.

Sketi za tartani na uso wa buluu?

Vazi lile la kujifunga kiunoni lilikuja karne ya 16. Rangi ya buluu ni ya makabila ya kale yaliyopigana na Warumi, zaidi ya miaka elfu kabla.

Sheria ya bwana kulala na bibi harusi usiku wa kwanza?

Hakuna ushahidi kwamba Edward aliweka sheria hiyo Uskoti. Wallace alianza uasi wake kwa kumuua William Heselrig, mkuu wa Lanark, mwaka 1297. Kisa cha mke aliyeuawa kinatoka kwa Harry, aliyetajwa juu.

## Maswali ya pembeni

Mimi niliiona kibanda umiza, mtafsiri akitia sauti yake. Je, yale makosa ni yake?

Tenganisha mambo mawili. Watafsiri wa vibandani huongeza utani, huwapa wahusika majina ya mtaani, na mara nyingine hueleza nia ya mhusika kuliko alichosema. Kama ulisikia Bruce akiahidiwa kitu ambacho hukumbuki kukiona kwenye picha, hicho kinaweza kuwa cha mtafsiri. Lakini kofia, binti wa kifalme, baba yake Bruce mwenye ukoma na Waayalandi vimo kwenye filamu yenyewe, katika lugha yoyote utakayoiangalia.

Si ni burudani tu? Kosa gani lina uzito?

Sketi isiyo ya zama zake haimdhuru mtu. Kufupisha muda kunavumilika, kwa sababu miaka minane haiingii katika saa tatu bila kukatwa. Kumtungia mtu aliyeishi kitendo kiovu ambacho hakukifanya, kisha kumficha aliyekifanya, hilo silikubali, hata kama tukio lenyewe linanitoa machozi. Filamu hii ingeweza kuwa na mhusika wa kubuni ndani ya ile kofia. Mornay alikuwepo tayari.

Outlaw King ya 2018 ni sahihi zaidi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Inamfuata Bruce kuanzia 1304, mavazi yako karibu na zama zile, na mauaji ya Comyn kanisani yamo. Ila inamuua Edward I kabla ya vita vya Loudoun Hill, wakati vita vilikuwa Mei 1307 na yeye alikufa Julai. Tena inamleta mwanawe uwanjani kupambana na Bruce, jambo ambalo halikutokea.

Je, filamu za vita vya msalaba nazo ziko hivyo?

Chukua Kingdom of Heaven ya 2005. Balian anaonyeshwa kama mhunzi kutoka Ufaransa. Balian wa kweli alikuwa bwana mkubwa wa hukohuko mashariki. Na kisa chake cha kiapo kinazidi kile cha filamu. Baada ya kushindwa Hattin, Julai 1187, alimwomba Salahuddin, sultani wa Waislamu aliyeshinda vita hivyo, ruhusa ya kwenda Yerusalemu kumchukua mkewe, akaapa kukaa usiku mmoja tu bila kushika silaha. Alipofika, watu wakamsihi asiwaache. Alimwandikia Salahuddin kuomba afunguliwe kiapo. Salahuddin akamfungua, na akatoa walinzi wa kumsindikiza mke na watoto wa Balian hadi mahali salama. Kisha akauzingira mji, ukasalimu amri tarehe 2 Oktoba. Mtu angeweza kutengeneza saa nzima ya filamu kwa barua hiyo moja.

Waskoti wenyewe wanaionaje Braveheart?

Wamegawanyika. Wapo wanaoishukuru kwa kuwaleta wageni Stirling na kuamsha ari. Kura ya maoni ya kurudisha bunge la Uskoti ilipigwa tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili baada ya vita vya darajani, na bunge likarudi. Wengine hawakuipenda hata kidogo, hasa wanahistoria. Mwaka huohuo sanamu ya Wallace yenye sura ya Mel Gibson iliwekwa karibu na mnara wa kumbukumbu yake, na ikaharibiwa mara kadhaa na waliochukizwa.

Naweza kuitumia kufundishia historia?

Ndiyo, kwa sharti kwamba wanafunzi wapewe tarehe kabla ya kuiangalia. Wape nne tu: kifo cha Alexander (1286), kuzaliwa kwa Isabella (mnamo 1295), kifo cha baba yake Bruce (1304) na kifo cha Edward (1307). Watayakamata makosa makubwa wenyewe, bila wewe kusimamisha filamu. Kisha waulize kila kosa linamnufaisha mhusika gani na linamwumiza nani, na uwape jina la Menteith mwishoni, baada ya wao kumhukumu Bruce.